Daraja la meno: Pengo moja, bei ya meno matatu

MNUNUZI wa dhahabu katika kata ya Mbangala, wilayani Songwe, hatoi fedha kabla mzigo haujakaa kwenye mizani na usafi wake kujulikana. Lakini mfanyabiashara huyo huyo, akienda mjini kuziba pengo la jino, anaweza kulipa fedha nyingi bila kuuliza anauziwa nini, kitadumu miaka mingapi na nani atabeba hasara kikiharibika.

Bidhaa yenyewe ni daraja la meno, yaani jino bandia lisilovuliwa, linalogandishwa kwenye meno ya asili yaliyo kando ya pengo. Hulala nalo, hula nalo na kusafishwa nalo. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kupatana bei uso kwa uso, iwe kwenye soko la madini, kwenye mwalo au mpakani Tunduma, pengo la mbele si jambo dogo.

Hata hivyo, anayenunua daraja anapaswa kufahamu jambo moja kabla ya mengine yote. Daraja linafanana zaidi na mkopo kuliko ununuzi wa jino, na dhamana ya mkopo huo ni meno mawili ambayo bado yapo.

LINAVYOJENGWA

Daraja la kawaida la kuziba pengo moja lina sehemu tatu. Kuna kofia mbili zinazovikwa meno ya kushoto na kulia, ambayo huitwa meno nguzo. Katikati ya kofia hizo huning'inia jino bandia, lisilo na mzizi, linalogusa fizi kwa juu tu. Sehemu zote tatu hutengenezwa zikiwa kitu kimoja.

Ili kofia ikae, ni lazima jino nguzo lichongwe pande zote. Upimaji uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kuwa kuchonga jino kwa ajili ya kofia kamili huweza kuondoa kati ya asilimia 63 na 72 ya sehemu ya jino inayoonekana juu ya fizi. Kilichochongwa hakirudi. Hata mteja akibadili mawazo baada ya mwezi, meno hayo yatahitaji kofia maisha yote.

Kazi huchukua ziara mbili au zaidi. Kwanza daktari hupiga picha ya eksirei kuona mizizi na mfupa. Baadaye hutoa sindano ya ganzi, huchonga, huchukua umbo la meno na kumvika mgonjwa daraja la muda la plastiki. Fundi wa maabara hutengeneza daraja lenyewe, ndipo mgonjwa hurudi kujaribiwa na kugandishiwa.

Kama jino limeng'olewa karibuni, kuna kusubiri kidonda kipone na mfupa utulie, jambo linaloweza kufika miezi mitatu. Kusubiri miaka nako kuna gharama: jino la jirani huanza kuinama kuelekea pengo, na la upande wa pili huanza kushuka au kupanda kulifuata. Aidha, mfupa uliokuwa umeshika jino lililotoka huweza kupoteza karibu nusu ya upana wake ndani ya mwaka wa kwanza.

BEI INAVYOHESABIWA

Hapa ndipo wateja wengi huchanganyikiwa. Daraja huuzwa kwa yuniti, na kila kofia ni yuniti moja, kama lilivyo jino la katikati. Pengo moja basi hutozwa yuniti tatu. Mtu akiambiwa bei ya "jino moja" akadhani ndiyo bei ya pengo, atafika kwenye dirisha la malipo akiwa na theluthi moja tu ya fedha zinazotakiwa.

Mapengo mawili yaliyofuatana huhitaji yuniti nne, na wakati mwingine zaidi. Kanuni ya zamani ya daktari Irvin Ante, aliyoitoa mwaka 1926, inasema kuwa eneo la mizizi ya meno nguzo lisipungue eneo la mizizi ya meno yanayozibwa. Kanuni hiyo haifuatwi tena neno kwa neno, lakini wazo lake halijafa: nguzo dhaifu haibebi daraja refu. Mfanyabiashara anaweza kuifananisha na benki inayotaka dhamana isiyopungua thamani ya mkopo.

Gharama nyingine hazimo kwenye orodha ya bei. Kazi hii haifanyiki katika zahanati ya kata. Mkazi wa Mbangala hupaswa kusafiri, kwanza hadi Mkwajuni, makao makuu ya wilaya, na kutoka hapo kwa barabara ya Mbalizi hadi Mbeya, iliko Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Nauli, malazi na siku ambazo duara au duka linabaki bila msimamizi ni sehemu ya bei.

Malighafi nyingi za kazi hii, kama kauri, zirkonia na metali za kuchanganya, hutoka nje ya nchi. Kwa hiyo bei hufuata mwenendo wa shilingi dhidi ya dola. Lakini kanuni zilizoanza kutumika Machi 2025 zinakataza bei za bidhaa na huduma za ndani ya nchi kutajwa au kulipwa kwa fedha za kigeni. Mteja ana haki ya kuandikiwa bei kwa shilingi.

DHAHABU, KAURI AU CHUMA

Katika eneo la dhahabu, swali la kwanza huwa ni kama jino linaweza kutengenezwa kwa dhahabu. Jibu ni ndiyo, na si jambo jipya. Waetruski wa Italia walikuwa wakifunga meno kwa mikanda ya dhahabu zaidi ya miaka 2,500 iliyopita. Dhahabu haishiki kutu, haiudhi fizi na huchakaa karibu sawa na jino la asili.

Lakini dhahabu ya karati 24 ni laini mno kwa kazi ya daraja. Huchanganywa na shaba, fedha, paladi au platini ili iwe ngumu. Wala dhahabu iliyotoka kwenye mwalo haifai kupelekwa kwa fundi ili igeuzwe jino. Dhahabu ya asili haikosi fedha ndani yake, na ile iliyochomwa kwa zebaki huweza kubaki na mabaki ya zebaki. Isitoshe, tangu mwaka 2019 dhahabu ya wachimbaji wadogo inatakiwa kupita kwenye masoko ya madini na vituo vilivyoruhusiwa, ambako hupimwa na kulipiwa ushuru.

Soko la dunia ndilo lililoiondoa dhahabu katika vinywa vya watu wengi. Bei rasmi ya aunsi moja, ambayo ni gramu 31.1, ilikuwa dola 35 za Marekani hadi mwaka 1971. Baada ya hapo bei iliachiwa ipande, na watengenezaji wa vifaa vya meno wakakimbilia nikeli, kromi, kobalti na paladi. Paladi nayo iliwageuka: Januari 2001 ilivuka dola 1,000 kwa aunsi. Dhahabu ilivuka dola 2,000 kwa mara ya kwanza mwaka 2020.

Kofia moja ya dhahabu huwa na uzito wa gramu mbili tatu hivi za mchanganyiko. Mwenye kuijua mizani anaweza mwenyewe kukadiria ni kiasi gani cha bei anayotajiwa ni madini na kiasi gani ni kazi ya mikono. Mtu akiuziwa "jino la dhahabu" kwa bei iliyo chini ya thamani ya madini yake, alichopewa ni metali nyingine iliyopakwa rangi.

Daraja linalouzwa zaidi katika nchi nyingi kwa miongo kadhaa limekuwa la metali iliyofunikwa kauri, ufundi ulioenea baada ya hati miliki za Marekani za mwaka 1962. Ndani kuna nguvu ya metali, nje kuna rangi ya jino. Kasoro yake ni kauri kubanduka. Pia nikeli huwaudhi baadhi ya watu, hasa wale ambao hereni au saa za bei rahisi huwatoa vipele. Hao wamweleze daktari mapema. Zirkonia, iliyoingia sokoni kwa nguvu miaka ya 2000, ni nyeupe yenyewe na ngumu sana, ila ni ghali.

DHAMANA INAPOPOTEA

Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2007 na Bjarni Pjetursson na wenzake yalionyesha kuwa kati ya madaraja 100 ya kawaida, kama 89 yalikuwa bado yapo kinywani baada ya miaka 10. Kwa kitega uchumi chochote, hiyo ni rekodi nzuri.

Lakini kuwepo kinywani si sawa na kuwa salama. Mapitio mengine, ya mwaka 2004, yalikuta kuwa ni kama 71 tu kati ya 100 yaliyopita miaka 10 bila tatizo lolote. Aidha, wengi wa wagonjwa waliohesabiwa walikuwa watu wanaorudi kliniki kukaguliwa. Anayegandishiwa daraja Mbeya na asirudi tena asijihesabu pamoja nao.

Daraja lenyewe huharibika mara chache. Kinachoharibika zaidi ni nguzo. Jino lililovikwa kofia linaweza kuoza kwenye ukingo ambapo kofia inakutana na fizi, na mwenyewe asione kitu. Jino nguzo moja kati ya kumi hivi hufa mshipa wake ndani ya miaka 10 na kuhitaji kusafishwa mzizi. Wakati mwingine gundi huachia upande mmoja, mate na mabaki ya chakula yakaingia chini ya kofia, na jino likaoza huku daraja likiwa limeshikwa na upande wa pili.

Nguzo ikipotea, hasara haiwi ya daraja peke yake. Mteja alianza na pengo moja, sasa ana mawili, na daraja jipya litahitaji yuniti nne au tano na kuchonga jino jingine zima. Hivyo ndivyo dhamana inavyouzwa.

ZEBAKI NA FIZI

Katika maeneo ya wachimbaji wadogo kuna jambo la ziada ambalo daktari wa mjini hatalijua asipoambiwa. Kuvuta mvuke wa zebaki kwa muda mrefu, kama wanavyofanya wanaochoma dhahabu kwenye moto wa wazi, huharibu fizi. Dalili zake zinazofahamika ni fizi kuvimba na kutoka damu, mate kujaa mdomoni na meno kulegea, sambamba na mikono kutetemeka.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020. Lakini mkataba hauwezi kukaza jino lililolegea. Anayechoma dhahabu na kuziona dalili hizo apime afya kwanza, aache kuchoma bila kifaa cha kunasa mvuke, na fizi zitibiwe kabla ya fedha yoyote kutolewa kwa ajili ya daraja. Vivyo hivyo kwa wavutaji wa sigara na wenye kisukari ambacho hakijadhibitiwa, kwani fizi zao huwa katika hatari zaidi.

NJIA NYINGINE SOKONI

Daraja lina washindani wanne, na muuzaji mwaminifu huwataja wote.

Wa kwanza ni meno ya kuvua, ambayo hukaa kwenye kipande cha plastiki au metali. Ni ya bei nafuu, hayahitaji kuchonga sana, na yakiharibika hutengenezwa mengine. Ubaya wake ni kucheza mdomoni na kukusanya uchafu yasipovuliwa usiku na kusafishwa.

Wa pili ni kipandikizi, yaani skrubu ya titani inayopandwa ndani ya mfupa na kuvikwa jino. Mgonjwa wa kwanza wa Per-Ingvar Brånemark nchini Sweden alipandikizwa mwaka 1965. Meno ya jirani hayaguswi. Kwa pengo moja, mapitio ya mwaka 2007 yaliyotajwa yalikipa kipandikizi alama sawa na daraja, yaani 89 kati ya 100 baada ya miaka 10. Kinahitaji mfupa wa kutosha, upasuaji na mtaji mkubwa wa mwanzo.

Wa tatu ni daraja la kubandika, linaloshikwa na mabawa membamba nyuma ya meno ya jirani. Huchonga kidogo sana. Katika mapitio hayo ni 65 tu kati ya 100 yaliyofika miaka 10, ingawa aina mpya ya bawa moja la zirkonia, kwa meno ya mbele, imeonyesha kudumu vizuri zaidi. Hata likibanduka, jino halijapotea. Lisichanganywe na daraja lenye nguzo ya upande mmoja tu iliyovikwa kofia kamili, ambalo alama yake ilikuwa kama 80.

Mshindani wa nne hauzwi: ni kuliacha pengo. Mwaka 2003 Sarita na wenzake, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Nijmegen cha Uholanzi, walichapisha utafiti uliofanyika Tanzania kwa zaidi ya watu wazima 700 waliokuwa wamepoteza magego. Waligundua kuwa mtu aliyebakiwa na meno yote ya mbele, magego madogo na angalau jozi moja ya magego makubwa yanayokutana, hutafuna vya kutosha. Kwa hiyo si kila pengo la nyuma linastahili mtaji. Pengo la mbele ni suala jingine, maana hapo kinachonunuliwa ni matamshi na sura.

HESABU YA MIAKA KUMI

Mfano ufuatao ni wa kuonyesha namna ya kuhesabu tu. Si bei ya hospitali yoyote, na msomaji aweke tarakimu alizotajiwa yeye.

Tuseme yuniti moja ni shilingi 400,000. Daraja la pengo moja ni shilingi 1,200,000. Safari tatu za shilingi 60,000 ni 180,000. Jumla ni 1,380,000, sawa na shilingi 138,000 kwa mwaka katika miaka 10, au 11,500 kwa mwezi.

Tuseme meno ya kuvua ni shilingi 150,000 na yatabadilishwa mara moja baada ya miaka mitano. Hiyo ni 300,000. Safari nne ni 240,000. Jumla ni 540,000, au shilingi 4,500 kwa mwezi.

Tofauti ni shilingi 7,000 kwa mwezi. Kwa mwenye pengo la mbele anayekutana na wateja kila siku, huenda hiyo ni gharama ndogo. Daraja likifika miaka 20, gharama ya mwaka inashuka hadi 69,000, na hapo linakuwa kitega uchumi kizuri.

Lakini hesabu hiyo haijakamilika bila upande wa hasara. Nguzo ikiharibika mwaka wa nne, mteja atakuwa ametumia 1,380,000 kwa miaka minne, sawa na 28,750 kwa mwezi, na daraja jipya la yuniti nne litamgharimu 1,600,000 nyingine kabla ya nauli. Kwa jumla atakuwa ametoa karibu shilingi milioni tatu kwa pengo ambalo lilianza likiwa moja.

Kwa sababu hiyo, hali ya meno ya jirani ndiyo inayoamua. Kama meno hayo tayari yamezibwa sana au yanahitaji kofia, daraja ni uamuzi wenye busara, kwani yangechongwa hata hivyo. Kama ni mazima kabisa, mteja anaweka rehani mali nzuri, na ni vyema aulize kwanza bei ya kipandikizi au daraja la kubandika.

KABLA YA KULIPA

Mteja anashauriwa kuhakikisha kuwa anayemhudumia ni daktari wa meno aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Mafundi wa mtaani wanaomimina plastiki juu ya fizi au kubandika kofia bila eksirei huacha uozo umefunikwa, na gharama ya kuurekebisha humwangukia mteja.

Adai makadirio kwa maandishi, yakionyesha idadi ya yuniti, aina ya metali au kauri, gharama ya eksirei, daraja la muda, kusafisha mizizi kama kutahitajika, na muda ambao kliniki itarekebisha kasoro bila malipo. Mwenye kadi ya bima aulize mapema, kwa maandishi, kama daraja linalipiwa au ni fedha taslimu. Malipo yagawanywe: sehemu wakati wa kuchonga, sehemu baada ya daraja kujaribiwa. Risiti itunzwe.

Baada ya kugandishwa, kuna gharama ya matunzo. Mswaki wa kawaida haufiki chini ya jino la katikati. Panahitajika uzi wa meno wa kupitisha chini ya daraja, au brashi ndogo za kupita kati ya meno, kila siku, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi. Soda na vinywaji vya sukari vya mara kwa mara huozesha ukingo wa kofia kama vinavyoozesha jino lolote.

Ukaguzi wa mara moja kwa mwaka unatosha kwa wengi, na unaweza kuunganishwa na safari ya biashara ya Mbeya. Asiye na nafasi ya ukaguzi huo, au asiyetaka kusumbuka na uzi kila usiku, anashauriwa kubaki na meno ya kuvua hadi atakapokuwa tayari.